Barafu ya Shilingi Mia

Saa kumi na moja alfajiri nashuka ngazi za gati, Mikindani,
tochi mdomoni, daftari kwapani.
Nguzo ya kipimo imesimama majini,
nyekundu, nyeupe, nyekundu, kama soksi za mchezaji.
Nasoma: mita tatu na vidole vinne.
Afisa alishanionya, "Bi Fadina, vidole haviandikwi."
Basi naandika sentimita saba.
Vidole nabaki navyo.

Mwaka wa kumi na moja huu.
Bamvua nalijua kama mgeni mlafi:
huja na mwezi mpevu, hula ngazi sita,
huondoka bila kuaga.
Maji mafu hayana makuu,
ni kama mshahara wangu,
hayapandi, hayashuki, na yakichelewa husikii sababu.

Huko juu kabisa, ramani inapoishiwa karatasi,
yuko mwenzangu apimaye barafu ya bahari.
Jina lake linanikwaza ulimi,
namwita Bwana Mtaimbo,
maana hutembea na chuma mkononi
akigonga kwanza, akikanyaga baadaye.
Mafunzo ya siku tatu, ya simuni, ndiyo yaliyotukutanisha.
Tangu hapo, kila mwezi, tunatumiana tarakimu.

Safari hii aliandika: "Imechelewa kushika, wiki tano.
Nilipopita na mbwa mwaka jana, leo pana mawimbi."
Kisha akauliza, kwa adabu zake:
"Kwenu huwa kuna barafu?"
Nikamjibu, ipo.
Ya ukwaju na ya ubuyu.
Shilingi mia.

Chitanda, mtoto wa dada yangu, darasa la sita,
alikuwa akichungulia begani.
"Ya kwake ikiyeyuka, ndiyo haya yetu yanajaa?"
Nikasema ndiyo,
kwa sauti ya mtu mwenye daftari la serikali.

Hakuniamini. Akaenda kwa Somoe,
akaomba kwenye friji barafu isiyo sukari wala rangi,
akaitumbukiza kwenye jagi la kioo,
akachora mstari wa mkaa pale maji yalipofika.
Tukakaa. Muhogo ukachemka, ukaiva, ukaliwa.
Barafu ikakonda, ikawa kama kipande cha sabuni, ikawa si kitu.
Maji hayakuuvuka mstari hata kwa unywele.
"Mama mdogo, umenidanganya."

Nikanyamaza, maana kweli nilimdanganya.
Nikachukua ya pili, nikaiweka juu ya chujio la chai,
chujio juu ya mdomo wa jagi.
Tone. Tone. Ng'ombe wa jirani akalia. Tone.
Mstari wa mkaa ukazama mbele ya macho yetu.

Inayoelea imeshajihesabu, nikamwambia.
Iogope iliyokaa nchi kavu,
ambayo haijashuka bado.

Bamvua la Machi lilikula ngazi ya saba.
Usiku uleule likaruka tuta la Likunguni,
likaingia mashamba yake ya chumvi, likalamba majaruba yote,
chumvi ikarudi ilikotoka.
Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, miguu myeupe hadi magotini.
"Wewe unayeyaandika," alisema, "mbona hukuyazuia?"

Nikamfungulia daftari. Alilishika juu chini,
akalitazama kwa muda mrefu hivyohivyo,
akanirudishia.
"Basi andika na magunia yangu."

Safu ya magunia haipo.
Nikaichora kwa rula, pembeni, nikaandika: kumi na tisa.
Afisa atakuja kuikata kwa wino mwekundu, najua.
Mwisho wa mwezi nikamtumia Bwana Mtaimbo zote kwa pamoja,
mita, sentimita, magunia.

Nilidhani atauliza gunia ni kipimo gani.
Simu ikakaa kimya siku mbili.
Siku ya tatu ikatikisika juu ya meza, karibu na jagi:

"Na mimi ninayo safu hiyo.
Mbwa wawili."